Tyubu inasema SPF 50, uso unasema majivu

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 36, naishi Kigamboni na kazi yangu ni Posta. Kila siku navuka kwa pantoni asubuhi na jioni. Ofisini meza yangu iko dirishani, na mchana natoka kwa miguu kwenda kula kwa mama ntilie.

Nilipokuwa na mimba ya mtoto wangu wa pili nilitokwa na madoa ya kahawia mashavuni, juu ya mdomo na kwenye paji la uso. Wakaniambia yataondoka nikijifungua. Mtoto sasa ana miaka miwili na nusu, anakimbia nyumba nzima, na madoa bado yapo. Msimu wa joto ndiyo yanakoza zaidi. Nadhani ni lile jua la pantoni.

Mkorogo sikutaka, nimeona ulivyomfanya jirani yetu. Nikashauriwa ninunue fandesheni yenye kinga ya jua, nikapata ya SPF 15. Mimi ni maji ya kunde na rangi yake imenikaa mpaka huwezi kujua nimepaka kitu. Kichupa cha mililita 30 kimenifikisha miezi saba na bado kuna kidogo chini. Siku za kazi siachi kuipaka. Lakini madoa yako palepale.

Wifi yangu aliyeko Muscat akaniletea krimu yenye rangi ndani yake, SPF 50, ya kulainisha, kukinga na kupamba kwa pamoja. Imeandikwa kwamba rangi moja inafaa ngozi zote. Akaniambia nikiipaka hiyo halafu fandesheni juu, nimepata 65. Nikaipaka vizuri, sikuionea choyo, nikaenda nayo harusini kwa binamu yangu. Picha ziliporudi, uso ulikuwa kama nimepakwa unga na shingo ni yangu ileile. Kibaya zaidi, palepale harusini mama mkwe aliniuliza mbele ya mawifi, "Na wewe umeanza kujichubua?" Nilitabasamu, nikaenda kulia chooni. Tangu siku ile sipigi picha.

Mama yangu mzazi anasema mafuta ya jua ni ya wenye ualbino, sisi weusi Mungu ameshatukinga. Na muuzaji mmoja Kariakoo amenionyesha krimu ya mkebe, nyuma haina maandishi, anasema inakinga na inatakatisha. Hiyo sijainunua.

Shangazi, nishike ipi? Hizi krimu za mbili kwa moja zinakinga kweli, au tunauziwa rangi tu?

Mvuka pantoni, Kigamboni

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale chooni. Uliaibishwa mbele za watu kwa jambo ambalo hukulitenda, tena na mtu ambaye binti yake mwenyewe ndiye aliyekuletea ile krimu. Basi kabla ya habari za namba, nikueleze ule weupe ulitoka wapi.

Krimu nyingi za jua zina unga wa madini, titani dayoksaidi au zinki oksaidi. Yote mawili ni meupe pe. Titani ndiyo hiyohiyo inayotiwa kwenye rangi za nyumba ili ukuta uwe mweupe. Kwa mtu mweupe unga huo hauonekani. Kwa maji ya kunde unakaa juu ya ngozi kama vumbi, na ile kahawia kidogo waliyoichanganya inashindwa nguvu, kinachotokea ni kijivu. Taa ya kamera ikipiga, unga unaurudisha mwanga, ndiyo picha uliyoiona. Ngozi yako chini yake haikuguswa. Ukinawa, inarudi kama ulivyozaliwa. Kujichubua ni kuiharibu rangi ya ngozi yenyewe, na hakuna sabuni inayoirudisha. Wifi yako ndiye mtu wa kumweleza mama yake hayo. Mpigie, mwombe afanye hivyo. Atafanya, maana zawadi ilikuwa yake na nia yake ilikuwa njema.

Nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa miaka 19, na maneno "rangi moja kwa ngozi zote" sijawahi kuyaona yakitimia kwa mwanamke mwenye rangi yako. Krimu za aina hii zina asili yake. Daktari wa ngozi wa Ujerumani, Christine Schrammek, alitengeneza mojawapo ya kwanza miaka ya 1960 kwa ajili ya kuituliza na kuifunika ngozi baada ya matibabu, kisha Wakorea wakazifanya pambo la kila siku. Hakuna kati ya hao aliyekuwa akimfikiria binti wa Kigamboni. Fandesheni zimepiga hatua, hasa baada ya Fenty Beauty, kampuni ya vipodozi ya mwimbaji Rihanna, kutoka na rangi 40 mwaka 2017 na wengine kulazimika kufuata. Kinga za jua zenye rangi bado ziko nyuma. Mara nyingi utakuta rangi tatu au nne, na iliyokoza kuliko zote inaishia kwa mtu mweupe kuliko wewe.

Sasa fandesheni yako. Hapa naomba tupige hesabu pamoja, kwa sababu jibu la barua yako limo humu.

Namba ya SPF, ile inayoonyesha nguvu ya kinga dhidi ya jua la kuunguza, hupimwa maabara kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. Kwa uso wa mtu mzima hiyo ni kama mililita moja na robo, yaani robo ya kijiko cha chai. Wewe una kichupa cha mililita 30 kilichodumu miezi saba. Siku za kazi peke yake, hizo ni kama siku 150. Gawanya: unapaka mililita 0.2 kwa siku, sehemu moja ya sita ya kinachotakiwa. Hata tukikufanyia huruma tukaigawanya 15 kwa 6, unabaki na 2 na nusu, na kwa kweli kinga hushuka kuliko hivyo. Kwa hiyo miezi saba yote umekuwa ukitoka nje karibu uso mtupu, huku ukiamini umejifunika. Kosa si lako. Hakuna anayepaka robo kijiko cha fandesheni, angeonekana amevaa kinyago, na kichupa kingeisha siku ya 24 au 25. Ndiyo maana SPF iliyoandikwa kwenye fandesheni naihesabu kama nyongeza tu. Usiitegemee.

Na ile 65 ya wifi haipo. Namba hizi hazijumlishwi. Ukipaka mbili, shika ile uliyoipaka kwa kipimo kamili, nyingine isahau. Tena usizichanganye kiganjani kupata rangi nzuri, wengi wanafanya hivyo. Unapunguza kinga na kuharibu ule utando unaotakiwa kujitandaza sawasawa usoni. Wala usihangaikie namba kubwa: SPF 15 iliyopakwa sawasawa huzuia kama asilimia 93 ya miale ya UVB, ile inayounguza ngozi, 30 huzuia 97, 50 huzuia 98. Tofauti ya 30 na 50 ni ndogo. Tofauti ya kupaka kidogo na kupaka vya kutosha ndiyo inayotumaliza.

Lakini usiitupe fandesheni yako. Inayo kitu ambacho krimu nyingi nyeupe za jua hazina, na kwa madoa yako kina thamani kubwa.

Madoa hayo, kwa jinsi ulivyoyaeleza, yanafanana sana na yale madaktari wanayoyaita melasma. Huja na homoni, ndiyo maana yalianza na mimba, kisha mwanga ndio unaoyalisha. Zamani tulidhani ni miale ya urujuanimno, yaani UV ya jua isiyoonekana kwa macho, peke yake. Mwaka 2010 watafiti wa hospitali ya Henry Ford, Detroit, walionyesha kwamba hata mwanga wa kawaida, huu tunaouona kwa macho, huikoza ngozi yenye asili ya weusi, na weusi huo hukaa muda mrefu. Kwa watu weupe sana waliopimwa, mwanga huohuo haukufanya kitu. Krimu ya jua isiyo na rangi, hata iwe SPF 50, mwanga huu inaupitisha. Kinachouzuia vizuri ni oksidi za chuma, ukoo mmoja na kutu, hizohizo zinazoupa udongo wetu mwekundu rangi yake. Nazo ndizo zinazotiwa kwenye fandesheni ili iwe ya kahawia. Huko Meksiko mwaka 2014 waliwagawa wagonjwa wa melasma makundi mawili, dawa ya ngozi ileile, kinga ya jua tofauti. Kundi lililotumia kinga yenye oksidi za chuma lilipata nafuu zaidi.

Kwa hiyo swali lako la kama tunauziwa rangi tu, nalijibu hivi: kwako wewe rangi nayo ni kinga. Ila rangi nyepesi mno haisaidii sana, na rangi isiyokufanana hutaipaka ya kutosha.

Ninavyokushauri ni hivi. Chini paka losheni ya jua ya wazi kabisa, isiyo na unga mweupe, SPF 30 au zaidi, kwa kipimo cha vidole viwili: unaichora mistari miwili juu ya kidole cha shahada na cha kati, kuanzia shina la kidole hadi ncha. Hiyo ni ya uso na shingo, na usisahau masikio. Isubiri ikauke kama dakika kumi, vaa, mnyweshe mtoto chai. Kisha fandesheni yako juu, kwa kubonyeza na sponji badala ya kusugua, na pale penye madoa rudia mara ya pili. Namba inafanya kazi chini, rangi inafanya kazi juu. Kwa mtu ambaye ameshapata fandesheni inayomkaa hivyo, sioni sababu ya kutafuta ya mbili kwa moja.

Ukitaka bado kununua moja inayofanya yote, igeuze nyuma kabla ya kuangalia mbele. Tafuta alama ya UVA ndani ya duara kwenye bidhaa za Ulaya, au herufi PA zenye misalaba mitatu au minne kwenye za Japani na Korea, au maneno "broad spectrum" kwenye za Marekani. SPF peke yake inazungumzia zaidi miale ya kuunguza, UVB, na kwako UVA, miale inayopenya ndani zaidi ya ngozi, ina maana sana. Kisha soma viambato, utafute namba CI 77491, CI 77492 na CI 77499. Hizo ndizo oksidi za chuma: nyekundu, manjano na nyeusi. Zikikosekana, hiyo rangi si ya kukusaidia. Ukiona CI 77891 imetajwa mapema sana kwenye orodha, hiyo ni titani, jiandae kwa majivu.

Halafu ijaribu, na usiijaribu mgongoni mwa mkono kama wauzaji wanavyopenda. Mkono na uso havina rangi moja. Paka kwenye taya, toka nje ya duka, simama kivulini penye mwanga wa mchana. Usiihukumu hapohapo. Zunguka, nunua mahitaji yako mengine, rudi kujiangalia baada ya robo saa, kwa sababu nyingine zikikutana na mafuta ya ngozi zinageuka rangi ya chungwa. Mwisho ongeza juu yake mpaka ifike kile kipimo cha vidole viwili. Kama kwa kipimo hicho inakufanya kinyago, basi SPF yake hutaipata maishani, hata iwe 100.

Kuhusu ule mkebe wa Kariakoo, umefanya vema kuuacha, na uendelee kuuacha. Kitu kisicho na viambato nyuma, kinachosemwa kinatakatisha, kinaweza kuwa na zebaki au hidrokwinoni, na vyote viwili vimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini kwetu. Zebaki inaharibu figo. Hidrokwinoni ni dawa ya daktari, kwa muda maalumu na kwa uangalizi. Ikitumiwa kiholela kwa miaka huacha weusi wa kibuluu ambao hautoki tena. Huyo jirani yako huenda ndiyo yaliyompata. Vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tangu 2019, na ukikutana tena na mkebe kama huo, wao ndio wa kuwapelekea taarifa.

Mama yako yuko sahihi kwa nusu. Weusi wetu ni kinga kweli. Vipimo vya mwaka 1979 huko Marekani viliikadiria ngozi nyeusi kuwa na kinga ya asili ya kama SPF 13, wakati ya mtu mweupe ni kama 3. Ndiyo maana saratani ya ngozi ni nadra kwetu, na ndiyo maana kwa ndugu zetu wenye ualbino losheni ya jua ni suala la uhai. KiliSun ya Moshi inatengenezwa kwa ajili yao na kugawiwa bure, kwa hiyo ukiikuta mtaani inauzwa, iache, imechukuliwa kwa mwenye kuihitaji. Lakini melanini, rangi ya asili ya ngozi, hiyohiyo inayotukinga na saratani ndiyo inayokurupuka na kuweka madoa ikichokozwa. Mwambie mama hutafuti weupe. Unataka rangi yako ile uliyokuwa nayo kabla ya mimba. Na akikuletea liwa, ipokee kwa mikono miwili na uipake usiku, ina harufu nzuri na inapoza ngozi. Jua haizuii.

Sasa pantoni. Naona unailaumu bure. Saa moja asubuhi jua liko chini, na jioni unaporudi limeshalegea. Maadui zako ni wawili: ile safari ya mchana kwa mama ntilie na lile dirisha. Dar es Salaam mchana wa anga wazi kipimo cha mionzi ya jua mara nyingi hupita 11, daraja ambalo Shirika la Afya Duniani linaliita kali kupindukia, wakati kujikinga kunashauriwa kuanzia 3. Na kioo cha kawaida cha dirisha huzuia UVB, hivyo hutahisi kuungua, huku UVA na mwanga wa kawaida vinapita na kukuangukia shavuni saa nane kwa siku. Hebu angalia kwenye kioo: upande ulioko dirishani madoa yamekoza zaidi? Omba meza isogezwe, au pazia lishushwe. Mchana beba mwavuli, wanawake wa mjini wamebeba miavuli ya jua miaka yote bila kuambiwa na mtu. Kabla ya kutoka kula, bonyeza jasho kwa tishu bila kusugua, na uongeze tabaka la losheni na la fandesheni. Poda zenye SPF sizipendi kwa kazi hii, hakuna anayepaka poda nyingi kiasi hicho.

Gharama sitakuficha. Kwa kipimo cha kweli cha uso na shingo, tyubu ya mililita 50 haikufikishi mbali zaidi ya mwezi mmoja. Basi ni afadhali losheni ya bei ya kawaida unayoweza kuirudia kila mwezi kuliko ya gharama unayoidondoshea kama manukato. Mwezi ukiwa mgumu, mwavuli, mtandio na meza kuhama havina bei. Usiiache tyubu pale dirishani wala kwenye gari, joto linaitenganisha. Ile ya Muscat mrudishie wifi bila kinyongo, au mpe mwenye ngozi nyeupe kuliko yako.

Kuna jambo moja hukulitaja: unatumia vidonge au sindano za uzazi wa mpango? Baadhi ya njia za homoni huendeleza madoa haya. Usiziache ghafla, zungumza kwanza na mhudumu wako ujue kuna njia gani nyingine. Na ukiona miezi mitatu imepita bila mabadiliko, nenda kliniki ya ngozi, Muhimbili ipo hapo ng'ambo yako. Kinga ya jua huzuia madoa yasilishwe, lakini ya zamani wakati mwingine yanahitaji dawa. Ukihisi una mimba nyingine, mwambie daktari kabla hajaandika chochote.

Na kuhusu picha, nakuomba upige moja kesho. Uso mtupu, saa mbili asubuhi, dirishani kwako nyumbani, bila taa ya kamera. Ihifadhi, usimwonyeshe mtu. Baada ya wiki kumi na mbili piga nyingine mahali palepale, saa ileile, kisha uniandikie ulichokiona.

Shangazi